Kabla ya tovuti kulikuwa na kikundi cha redio

Majaribio yamepisha kidogo, bumu limeingia, kwa hiyo leo nina nguvu za kuandika kitu kirefu. Anayetaka picha za bonanza la hosteli asubiri wiki ijayo, leo ni historia.

Mhadhiri wetu wa teknolojia katika elimu ametupa kazi: tueleze tulikotoka hadi watu wakaanza kudai kwamba tovuti lazima itumike na kila mtu, yaani kipofu, kiziwi, mwenye uoni hafifu, mzee asiyezoea kompyuta, na yule wa kijijini mwenye kitochi na bando la kuungaunga. Nimepita chumba kwa chumba kuchungulia walichoandika wenzangu. Karibu wote wanaanzia Marekani mwaka 1999. Huko nitafika. Lakini mimi ni mtu wa Kasulu, na swali lenyewe, la kumfikishia habari kila mtu bila kumwacha asiyeweza kusoma, lilishajibiwa kwetu mwaka 1973, wakati hata neno tovuti halijatungwa.

Hebu fikirini hali ilivyokuwa. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa Tanzania, kama 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Serikali ilikuwa na ujumbe mzito wa kuwapa: chimba choo, chemsha maji, fyeka majani yanayofuga mbu. Magonjwa yaliyolengwa yalikuwa malaria, kuhara damu, minyoo, kichocho na kifua kikuu. Sasa unaufikishaje? Ukibandika tangazo kwenye ofisi ya kata, litasomwa na mwalimu na karani. Ukitegemea redio peke yake, mwenye redio ni mmoja kijijini, na akishasikia anabaki nayo kichwani mwake.

Ndipo ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ilikwenda wiki 12. Watu walijipanga katika vikundi, vikafika zaidi ya 70,000 nchi nzima, na washiriki wakakaribia milioni mbili. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Siku ya kipindi mnakaa kuizunguka redio, mnasikiliza. Redio ikinyamaza, kiongozi anafungua kijitabu na kusoma kwa sauti somo lilelile. Kijitabu kilikuwa na maandishi makubwa, Kiswahili chepesi na picha, kwa sababu kiliandikwa kwa ajili ya watu waliotoka kujua kusoma juzi tu. Baada ya hapo mnajadili, halafu mnaamua kitu cha kufanya: kesho tunaanza na choo cha nani?

Mimi nikisoma habari hii naona jambo moja. Ujumbe uleule ulipita njia tatu: sikio, jicho na mdomo wa jirani. Asiyeona alikuwa na redio, asiyejua kusoma alikuwa na kiongozi, msahaulifu alikuwa na kijitabu cha kurudia nyumbani. Kiziwi aliachiwa picha tu, na hilo lilikuwa pengo kubwa. Lakini waliopanga kampeni ile walianza na mtu wa mwisho kabisa kijijini, wakajiuliza yeye ataingilia mlango gani. Hawakutengeneza kitu cha wasomi kwanza halafu wakatafuta kiraka.

Kwetu Kigoma ilikuwa na uzito wake, maana mwaka 1972 ilipita Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa kutoka kwenye migomba yao na kupangwa katika vijiji vya ujamaa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika milimani ghafla zikawa ukuta kwa ukuta. Choo kikawa suala la kufa na kupona, si mapambo. Bibi yangu, yuko upande wa Heru Juu, anasimulia kwamba kiongozi wao alikuwa akisikiliza Kiswahili cha redioni na kukigeuza Kiha palepale, kwa sababu akina mama wengi Kiswahili walikuwa wanakisikia kama sisi tunavyosikia Kifaransa. Hilo halikuwa kwenye kijitabu. Ila mfumo ulimwachia mtu nafasi ya kulifanya.

(Kwa wasiojua jiografia: wakati huo Kasulu na Kibondo zilikuwa wilaya kubwa mno. Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu na Kakonko kutoka Kibondo mwaka 2012. Kwa hiyo nikisema Kasulu ya 1973 msije mkanishushia maswali ya mipaka.)

Hadi mtihani wa kisomo wa Agosti 1975, wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39. Mwaka 1986 walikaribia asilimia 10. Baadaye pesa zikakauka, mambo yakalegea, wote mnajua hadithi ya miaka hiyo.

Miaka ya tisini nyanda zetu zikajaa wakimbizi. Warundi Kibondo na Kasulu kuanzia 1993, Wakongo Nyarugusu kuanzia 1996. Swali la zamani likarudi: unawafikishiaje habari watu wa lugha tofauti, wengi wao bila karatasi mkononi? Jibu likawa redio tena. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995, ikawa inatangaza Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda pamoja na Kifaransa na Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 intaneti ya setilaiti nayo ikafika, kwa mradi wa Global Catalyst Foundation na UNHCR, Chuo cha Ualimu Kasulu na kambi ya Mtabila. Kasulu, ambayo ilikuja kuunganishwa na gridi ya umeme ya taifa mwaka 2022 tu, ilikuwa na intaneti enzi za jenereta! Huwa nafurahi nikiwaambia watu wa Dar hili, hawaamini.

Sasa twende huko kwa wenzangu walikoanzia. Kurasa za kwanza za wavuti mwaka 1991 zilikuwa maandishi matupu. Kipofu mwenye programu ya kusoma skrini kwa sauti hakuwa na shida kubwa nazo, maana maandishi yanasomeka. Mwaka 1993 ikaja programu ya Mosaic iliyoonyesha picha katikati ya maandishi, na wavuti ikapendeza, ikapendwa, na papo hapo ikaanza kuwafungia watu nje. Picha haisomeki kwa sauti isipokuwa mtengenezaji ameandika nyuma yake maneno ya kuieleza. Mwaka 1997 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti, likaanzisha mpango maalumu wa jambo hili, na Mei 1999 likatoa mwongozo wa kwanza. Wa pili ulitoka Desemba 2008. Huo wa pili una vipimo hasa: maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake vitofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na msomaji aweze kukuza maandishi hadi asilimia 200 bila ukurasa kuvurugika.

Ukisoma vipimo hivyo darasani vinaonekana vya kihandisi tu. Mimi vilinigusa kwa sababu ya Kabanga. Kabanga iko palepale Kasulu, na shule yake ya msingi mchanganyiko inapokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Baada ya wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino, kuanzia mwishoni mwa 2008 watoto wengi walipelekwa pale kwa usalama wao. Watu huzungumzia ngozi na kofia za jua, wakasahau macho. Mwenye ualbino ana upungufu wa rangi hata ndani ya jicho, sehemu ya kuona vitu vidogovidogo haikui sawasawa, na mwanga mkali unamuumiza. Miwani husaidia, lakini haimalizi tatizo. Kwake herufi za kijivu kwenye ukurasa mweupe, ambazo wabunifu wetu wanazipenda kweli, ni ukungu.

Kuna dada mmoja mwenye ualbino tuliyesoma naye sekondari, kichwa chake ni moto, hesabu alikuwa anatufundisha sisi. Wakati wa kuomba chuo alishika simu karibu iguse pua. Ukurasa wa taasisi moja ulikuwa umefungwa usikuzwe kwa vidole. Maelezo ya sifa za kujiunga yalikuwa barua iliyopigwa picha, imelala upande. Akiwa bado anasoma herufi moja moja, ukurasa ukamtoa nje kwa sababu muda umeisha, aanze upya. Mara ya tatu akaenda steshenari.

Steshenari mnaijua wote. Kijana wa pale anakujazia kila kitu: chuo, mkopo, hata cheti cha kuzaliwa. Akamwekea barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu, nywila akaiandika kwenye kaunta buku. Majibu yalipotoka ujumbe ukaenda kwa kijana, kijana alikuwa amehama mji, siku za kuthibitisha nafasi zikapita. Rafiki yangu alikaa nyumbani mwaka mzima. Aliingia chuo mwaka uliofuata, na sasa tunakimbizana naye kwa alama.

Ndiyo maana siwezi kuandika historia hii kama safari ya kupanda tu. Mtu wa steshenari ndiye kiongozi wa kikundi wa zama hizi, anasoma kwa niaba ya wengine. Tofauti ni kwamba yule wa 1973 aliwekwa makusudi, akafundishwa, na siri yako hakuishika. Huyu wa leo amezaliwa na ugumu wa kurasa zetu, na analipwa kwa ugumu huo. Simlaumu, anatafuta ugali wake. Lakini mtu akilazimika kumpa mwingine nywila yake ili aombe haki yake mwenyewe, basi mlango haukufunguliwa.

Na sheria tunazo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ambao ibara yake ya 9 inataja intaneti kwa jina, Tanzania iliuridhia 2009. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2017 zikazinduliwa tovuti za mikoa na halmashauri, Kasulu na Kibondo zikiwemo, na zikawa za Kiswahili. Hilo nalipigia makofi, kwa sababu ugumu wa kwanza kwa bibi yangu na wenzake si rangi wala picha, ni lugha.

Kilichobaki ni tabia, na hasa tabia ya muhuri. Katika ofisi nyingi nchini tangazo huchapwa kwenye kompyuta, linatolewa karatasi, linagongwa muhuri, linapigwa picha, halafu picha ndiyo inawekwa mtandaoni. Yaani maandishi yaliyokuwa yanasomeka yanageuzwa picha ili muhuri uonekane! Naelewa sababu, bila muhuri watu watasema ni uzushi. Lakini kwa asiyeona ukurasa huo ni kimya. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana asiyeona wa Australia, inakuja na sauti inayosoma Kiswahili, na Kiswahili chetu kinavyoandikwa ndivyo kinavyotamkwa. Kazi ya ofisi ni kuacha maandishi yawe maandishi, na mtengenezaji aandike kwenye msimbo wa ukurasa kwamba lugha ni Kiswahili, la sivyo sauti ya Kizungu itakisoma na utacheka hadi ulie. Muhuri uwekwe pembeni kama picha, nani kakataa?

Mkitaka mfano mzuri msiende mbali. Kurasa za matokeo ya NECTA, ambazo tunazicheka kwa rangi zake, ni jedwali tupu la maandishi: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, masomo. Hakuna picha zinazoruka. Zinafunguka kwenye simu ya hali ya chini, kwenye mtandao wa kusuasua, juu ya mti wa mwembe huko Kibondo ambako watu hupanda kutafuta mawimbi. Programu ya kusoma skrini inazipitia mstari kwa mstari. Nadhani zilibaki hivyo kwa sababu tu hakuna aliyezigusa, lakini nani analalamika siku ya matokeo?

Sasa kwa wadau wa darasani. Jumamosi saa nne asubuhi, maabara ya kompyuta, tunajaribu kurasa tano ambazo sisi wenyewe tunazitumia kila muhula. Tutazima skrini na kusikiliza tu. Rafiki yangu niliyemtaja atakuwepo, na yeye ndiye atakayeamua ukurasa gani umefaulu. Mje na visikizio vyenu, vya maabara vimekufa upande mmoja.