Wajane na Mizabibu ya Douro

Kaskazini mwa Ureno, mto Douro unapita kati ya milima ya mawe ambayo mkulima akiitazama haoni udongo. Watu waliupasua mwamba, wakajenga kuta za mawe ngazi juu ya ngazi, wakapanda mizabibu. Mwaka 1756 waziri aliyejulikana kama Marquis wa Pombal aliliwekea eneo hilo mipaka ili divai ya Porto isichakachuliwe. Tangu hapo historia yake imesimuliwa zaidi kupitia mawaziri na wafanyabiashara wa Kiingereza. Lakini fuatilia jinsi shamba lilivyotoka kwa babu likamfikia mjukuu, na mara nyingi utamkuta mwanamke katikati.

Sheria ilichangia. Kwa kawaida mume na mke wa Kireno walimiliki mali kwa pamoja, nusu kwa nusu, ila msimamizi alikuwa mume. Mume akifa, mjane alibaki na nusu yake, na sasa neno lake lilikuwa na nguvu. Hivyo msiba ndio uliompa mwanamke mamlaka juu ya mali iliyokuwa yake siku zote.

Antónia Adelaide Ferreira alizaliwa mwaka 1811 katika viunga vya mji wa Régua, binti wa ukoo wenye mashamba ya mizabibu. Aliozwa kwa binamu yake, mtu wa anasa aliyependa kutumia kuliko kulima. Mwaka 1844 mume akafariki. Antónia, mwenye umri wa miaka 33 na watoto wawili, akashika usimamizi mwenyewe: akanunua mashamba, akapanda, akajenga maghala.

Utajiri huo ulimletea balaa nyumbani. Mwaka 1854 Duke wa Saldanha, mmoja wa watu wenye nguvu kubwa nchini, alitaka mwanawe amwoe Maria da Assunção, binti wa Antónia. Mtoto alikuwa na miaka 11. Mama alikataa, na watu walipotumwa kumchukua msichana kwa nguvu, akatoroka naye hadi London. Kwangu mimi hili ndilo tukio kubwa kuliko yote katika maisha yake, kubwa hata kuliko ajali ya mtoni ya 1861 iliyomuua Joseph James Forrester, mfanyabiashara mashuhuri wa divai, naye Antónia akaokoka. Ambaye angemwoa binti yule angeoa na urithi wake. Mama alimlinda mwanawe, na kwa kufanya hivyo akalinda mashamba.

Kisha wakaja maadui wa mizabibu yenyewe: ukungu, halafu filoksera, mdudu mdogo anayenyonya mizizi mpaka mti unakauka. Wakulima wengi walikata tamaa. Yeye aliendelea kununua ardhi. Mwaka 1877, akiwa na miaka 66, alinunua mapori ya Vale do Meão, mbali juu ya mto, akaanzisha shamba jipya ambalo mavuno yake bora yangewafaa wajukuu.

Wala tusimsifu yeye peke yake. Msimu wa mavuno, makundi ya vibarua yalishuka kutoka vijiji vya milimani. Wanawake walikata vishada, wanaume wakabeba vikapu na kukanyaga zabibu. Wanawake hao hawakurithi hata ngazi moja ya ukuta, na majina ya wengi wao hayakumbukwi. Mandhari ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2001 ni kazi ya mikono yao pia.

Antónia alifariki mwaka 1896, akiacha mashamba zaidi ya ishirini. Miaka miwili baadaye warithi waliunda kampuni, na mwaka 1987 kampuni hiyo ikauzwa nje ya ukoo. Vale do Meão haikwenda nayo. Mmoja wa wazao wa Antónia alinunua hisa za ndugu zake moja baada ya nyingine, na tangu mavuno ya 1999 familia hiyo inatoa divai kwa jina la shamba lenyewe.