Mwanafunzi wa muziki anawezaje kurekodi kwa gharama nafuu?

Mwanafunzi wa Arua au Koboko anayepiga adungu, kinubi maarufu cha Waalur wa West Nile, halazimiki kulipia studio ili arekodi wimbo wake.

Audacity, programu iliyotolewa mwaka 2000, haina malipo. Hurekodi na kukata sauti, hupunguza kelele za nyuma, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti.

Kwa kazi kubwa zaidi ya kuchanganya sauti ipo Reaper. Hujaribiwa kwa siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi hugharimu dola 60. Kwa mwanafunzi fedha hizo si kidogo, na nakala za wizi huvutia. Lakini nakala hizo huweza kubeba virusi vinavyoangamiza kazi yote iliyohifadhiwa.

Hata hivyo, hakuna programu inayoweza kuponya kikamilifu sauti iliyorekodiwa vibaya. Chumba kilichotundikwa mablanketi hupunguza mwangwi. Adungu hurekodiwa kwanza, kisha mwimbaji, kila sauti peke yake, ili kosa la mmoja lisilazimishe kurudia wimbo mzima.