Malagarasi: Mto usio na mlango wa kudumu Ziwa Tanganyika

MKAZI wa Katubuka, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, akitaka kuona mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, hana budi kusafiri kuelekea kusini, kupita Ujiji, hadi Ilagala wilayani Uvinza. Huko hatakuta mdomo mmoja wa mto, bali delta: uwanda wa matope na matete ambamo maji hugawanyika kabla ya kufika ziwani.

Malagarasi huanzia maeneo ya mpaka wa Tanzania na Burundi, ukazunguka kupitia mabwawa na mbuga za maji, kisha ukaelekea magharibi kupitia Uvinza. Bonde lake lina takriban kilometa za mraba 130,000, kubwa kuliko la mto mwingine wowote unaoingia ziwa hilo. Tope jingi hutuama njiani, katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Linalosalia huanguka Ilagala, mkondo unapopungua kasi, na kujenga ardhi mpya.

Wanasayansi wanaeleza kuwa zamani, kabla ya bonde la ufa kukata njia yake, mto huu ulitiririka hadi Kongo. Ushahidi ni samaki: baadhi ya aina zilizomo Malagarasi zinapatikana pia Mto Kongo, lakini si katika ziwa lililo katikati.

Hata hivyo, mwenye kauli ya mwisho kuhusu delta ni ziwa lenyewe. Njia pekee ya maji kutoka ni Mto Lukuga, upande wa Kongo. Katika miaka ya 1870 njia hiyo ilikuwa imezibwa na tope na majani. Ziwa likajaa, na baada ya Lukuga kufunguka mwishoni mwa muongo huo, likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871, leo iko mbali na maji.

Kati ya mwaka 2020 na 2024 maji yalipanda tena, yakafunika maeneo ya ufukwe Kigoma, Bujumbura na Kalemie. Kwenye miamba, ziwa likipanda mita moja hula hatua chache tu. Katika uwanda wa Ilagala, kina hichohicho huingia mashambani na kumlazimu mvuvi kutafuta upya mahali pa kuegesha mtumbwi.