Motokari inakula, mbuzi inazala: historia ya mashofere wafugaji wa Boyoma

Ndugu na dada wahitimu, na ninyi mlio bado kwenye auditwari, leo naomba niwapeleke kwenye parsele yetu kule Mangobo.

Mwezi uliopita tulifanya kikao cha familia. Ajenda ilikuwa moja tu. Kamio ya papa imekufa bwate ya vitesi. Yaya wangu alitaka tuuze mbuzi wote 23 ili kamio irudi barabarani. Baba mudogo alitaka kinyume: tuuze kamio kama chuma, tubaki na mbuzi. Mimi niliyesoma agronomia ndiye niliyetakiwa kuamua, kwa sababu, walisema, "wewe njo uko na diplome." Papa alikaa kimya kwenye kiti chake. Mwishowe akasema neno lake la siku zote: "Mutoto yangu, motokari inakula, mbuzi inazala."

Neno hilo nimelisikia tangu utoto. Ila siku ile nilijiuliza: limetoka wapi? Kwa nini karibu kila shofere mzee ninayemjua hapa Kisangani, nyuma ya nyumba yake kuna kibanda cha mbuzi au nguruwe? Nikaanza kuuliza wazee na kusoma. Nilichokipata ni hiki.

Tuanze na mahali penyewe. Mji wetu upo hapa kwa sababu mto unakataa. Mashua iliyotoka Kinshasa inapanda kilomita zaidi ya 1,700, halafu inakutana na maporomoko, na safari inaishia hapo. Stanley aliweka kituo hapa mwaka 1883, na mwaka 1887 Tippu Tip akafanywa wali wa Stanley Falls. Watu wake, wale Wangwana, ndio waliotuachia Kiswahili hiki tunachoongea. Lakini wakati huo mzigo ulikwenda kichwani mwa mtu. Treni ya kwenda Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, ilimalizika mwaka 1906 kusudi izunguke maporomoko. Kwa upande wa mashariki, kuelekea dhahabu ya Kilo na Moto, hakukuwa na reli kutoka hapa. Ilitakiwa barabara.

Barabara hiyo, tunayoiita leo RN4, ilikatwa ndani ya msitu kwa mikono ya babu zetu, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Vijiji vilivyokuwa ndani ya msitu vilisukumwa vije kukaa kandokando ya njia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi ya lazima hadi 120 kwa mwaka. Babu yangu alikuwa kantonye upande wa Bafwasende. Kila kundi la makantonye lilikuwa na kipande chake cha kutunza: kufyeka majani, kufungua mifereji, kuziba mashimo kabla hayajawa makubwa. Ujira ulikuwa mdogo sana. Ila babu alikuwa na kitu ambacho wa ndani ya msitu hakuwa nacho: alikaa pale kamio inapopita. Akaanza kufuga mbuzi wa kuuzia mashofere.

Hapo mtaniuliza, kwa nini mbuzi, na si ng'ombe? Ng'ombe wapo Ituri, kwenye vilima vya Djugu, Irumu na Mahagi. Lakini kati ya vilima hivyo na sisi kuna msitu, na ndani ya msitu kuna mbung'o. Mdudu huyo anabeba ugonjwa wa malale, na ng'ombe wa vilimani hana kinga. Papa alikuwa akikutana na wachungaji njiani, wanaleta ng'ombe kwa miguu, na anasema wanyama hao walifika wamekonda, wengine wakitetemeka. Ng'ombe wa namna hiyo anachinjwa haraka, hawezi kufugwa hapa. Mbuzi wetu wa msituni ni mfupi, hana uzuri wa picha, lakini anavumilia. Anakula maganda ya muhogo, anakula ndizi, anazaa.

Kwa hiyo mji ulikuwa na njaa ya nyama, na vijiji vya barabarani vilikuwa na mbuzi. Katikati yao alikuwepo mtu mmoja aliyejua bei ya pande zote mbili: shofere. Alikwenda mashariki na chumvi, sabuni na vitambaa, akarudi na mchele, kahawa na maharagwe. Juu ya mzigo, wamefungwa miguu, walikuwepo mbuzi wake mwenyewe.

Papa alianza kazi mwaka 1974 kama boi-shofere, kijana wa kuweka kabari chini ya magurudumu na kulala juu ya mzigo. Angalieni tarehe hiyo. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianizasio. Maduka, mashamba na makampuni ya wageni, hapa kwetu Wagiriki, Wareno, Wahindi, yakapewa Wazairwa. Wengi waliopewa walikuwa wakubwa wa siasa. Walikula mtaji, wakaacha kuta. Papa anakumbuka gereji iliyokuwa na makamio tisa, baada ya miaka miwili yakabaki mawili, mengine yamekuwa vipuri vya hayo mawili.

Lakini hiyo si historia yote. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Janet MacGaffey alitoa kitabu kuhusu wafanyabiashara wa Kisangani hii hii, Entrepreneurs and Parasites. Alionyesha kwamba pembeni ya wale wakubwa walikuwepo watu wa kawaida, wanawake pia, waliojenga biashara ya kweli bila kutegemea cheo. Nilipokisoma nilikuta mambo ya nyumbani kwetu: watu wenye usafiri, wenye mashamba, wenye mifugo, wanaohamisha faida kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hawakufanya hivyo kwa kupenda kazi nyingi. Ni kwamba hakuna upande mmoja ulioaminika.

Shofere naye alifanya hivyohivyo kwa kipimo chake. Mshahara ulikuwa unapoteza nguvu kila mwezi. Patron alijua, na palikuwa na sheria isiyoandikwa: shofere anaruhusiwa mbuzi wanne juu ya mzigo wa patron, boi-shofere mmoja. Papa alinunua mbuzi wanne Bafwasende au Nia-Nia, akauza watatu sokoni, wa nne, kama ni jike, akaletwa Mangobo.

Halafu barabara yenyewe ikaanza kufa. Makantonye hawakulipwa, wakaondoka. Mifereji ikaziba, maji yakapita katikati ya njia. Kufika miaka ya 1990, safari ya siku tatu ilikuwa wiki tatu, makamio yamepangana nyuma ya dimbwi la matope, kila mtu na koleo lake. Safari moja papa alikaa siku 19 sehemu moja. Alikula mbuzi wake wawili, wa tatu akawapa vijana wa kijiji waliomchimbua.

Na feza? Wanaosoma uchumi wanajua. Oktoba 1993 serikali ilileta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Aliyelala na zaire milioni tatu aliamka na zaire mpya moja. Aliyelala na mbuzi kumi aliamka na mbuzi kumi. Nadhani ndiyo mwaka ule papa alipolishika lile neno lake kabisa.

Vita vilipofika, vilifunga kila kitu. Toka 1998 mstari wa mapigano ulikata mto, na kamio ya patron ilichukuliwa na wenye bunduki, hatukuiona tena. Juni 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda yakapigana hapa mjini siku sita, tarehe 5 hadi 10. Mamia ya raia walikufa, katika mji ambao si wao wanaoupigania. Sisi tulijificha chini ya vitanda. Mbuzi hawakuwa na kitanda. Tulikuwa nao 11, wakabaki 6. Mizigo yote ya mji ikawa juu ya baiskeli, na toleka wakawa ndio makamio yetu. Papa, shofere wa miaka ishirini, alisukuma baiskeli. Wale mbuzi sita, na watoto wao, ndio waliolipa minervali ya yaya wangu mpaka akapata diplome d'Etat.

Barabara ilifunguliwa upya katikati ya miaka ya 2000. Siku makamio ya kwanza yalipofika kutoka Beni, watu walitoka nje kuangalia kama ni harusi. Papa akarudi kazini, na baadaye, kwa akiba ya miaka mingi, akanunua kamio yake mwenyewe, mtumba.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo papa haipendi. Yapata mwaka 2009 aliongeza nguruwe. Nguruwe anakua haraka, anakula machicha ya pombe, soko lipo. Tulikuwa nao 14. Safari moja alikuta kijijini wanauza nguruwe bei ya chini kabisa. Alifurahi, akaleta wawili, akawaingiza moja kwa moja pamoja na wengine. Ndani ya wiki mbili wote walikufa, masikio yamekuwa mekundu, damu puani. Majirani wakasema ni ulozi.

Miaka michache baadaye, nikiwa IFA Yangambi, profesa aliandika ubaoni dalili za homa ya nguruwe ya Kiafrika. Nilibaki nimeshika kalamu. Ugonjwa huo ulielezwa kisayansi Kenya mwaka 1921, na dawa yake haipo. Unasafiri na mnyama, na nyama, na viatu, na ubao wa kamio. Watu wa kile kijiji waliuza rahisi kwa sababu walishaona wengine wanakufa. Na mwaka 2012 tauni ya mbuzi na kondoo ilitembea ndani ya nchi yetu kwa njia hiyohiyo, kutoka soko hadi soko.

Kwa hiyo njia iliyotulisha ndiyo iliyotuua mifugo. Shofere mfugaji ana faida kubwa ya kujua bei za mbali, lakini yeye mwenyewe ndiye daraja la ugonjwa. Historia ya RN4 inaandikwa kwa madaraja na kilomita. Kilichopanda juu ya kamio hakiandikwi.

Na kuna jambo lingine lisiloandikwa. Turudi kwenye kikao.

Baada ya papa kusema neno lake, yaya akajibu, kwa heshima, kwamba mbuzi wanazaa lakini hawabebi maharagwe. Baba mudogo akasema njia ya mashariki imekuwa ya kifo. Akakumbusha msafara uliovamiwa Septemba 2021 kati ya Komanda na Luna, makamio yakachomwa. Wote wawili walikuwa na haki. Wakanigeukia. Nikafungua daftari langu nianze mahesabu.

Ndipo mama, aliyekuwa mlangoni anamenya muhogo, akauliza: "Ile miaka yote papa yenu alikuwa mu njia, nani alikuwa anakulisha hii bambuzi?"

Kimya.

Miaka arobaini papa alilala nyumbani labda siku nane kwa mwezi. Aliyekusanya maganda, aliyeamka usiku jike linapozaa, aliyebishana na mnunuzi siku ya kulipa minervali, ni mama, na dada zangu. Nimeandika hapa juu "shofere mfugaji" mara ngapi? Papa alikuwa shofere. Mfugaji alikuwa mama. Ndoa yao ndiyo iliyounganisha kazi hizo mbili, na mmoja tu kati yao ndiye aliyeitwa kwenye kikao.

Mama akaamua hivi. Madume 9 yauzwe, feza iende kwenye bwate ya vitesi, na pengo ajaze yaya mwenyewe. Majike na watoto wao 14 wanabaki, na hawaguswi. Kamio ikipona, itafanya kwanza njia fupi hadi Bafwasende. Mnyama yeyote atakayeletwa na kamio atakaa siku 30 katika kibanda cha peke yake, kwenye kiwanja cha baba mudogo, mbali na wetu. Hilo la mwisho lilikuwa langu, ndicho kitu pekee diplome yangu ilichochangia siku ile. Mama alilikubali haraka kuliko nilivyotegemea. "Mimi nilisema ile mwaka ya banguruwe," alisema, "lakini hakuna mutu alisikia."

Madume yameshauzwa. Bwate ya vitesi bado iko mezani kwa fundi.

Ninyi mnaotafuta mada ya memwari, kwenye historia, uchumi au agronomia: wazee waliojua bei ya mbuzi Nia-Nia mwaka 1980 bado wapo, wanakaa mbele ya nyumba zao Mangobo, Kabondo na Tshopo. Nendeni mkawaulize kabla hawajaondoka. Na mkimaliza kumuuliza mzee, ingieni na nyuma ya nyumba, mkamuulize mama.