Ngoma ya Kufunga Mapipa: Asili ya Tamasha la Edinburgh

Tamasha la bendi za kijeshi linalofanyika kila Agosti mbele ya ngome ya Edinburgh, Uskoti, huitwa Tattoo. Jina hilo halihusiani na michoro ya mwilini, ambayo neno lake lilitoka visiwa vya Pasifiki. Hili la muziki ni la Kiholanzi, na lilizaliwa vilabuni. Katika karne ya 17, askari waliokaa katika miji ya Uholanzi na jirani zake walikuwa wakimalizia jioni kwenye bia. Saa ya kurudi kambini ilipowadia, wapiga ngoma walipita mitaani kuwapa wenye vilabu ishara: doe den tap toe, yaani fungeni bomba la pipa. Waingereza waliokuwa wakipigana huko waliyachukua maneno hayo wakayafupisha. Baadaye ngoma hiyo iliongezewa filimbi, kisha bendi nzima, na amri ya kwenda kulala ikawa gwaride la jioni ambalo raia walitoka majumbani kulitazama.

Mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya Vita Kuu ya Pili, Edinburgh ilianzisha tamasha la kimataifa la sanaa. Jeshi nalo likatafuta nafasi yake. Baada ya onyesho dogo la 1949 katika bustani za Princes Street, Tattoo rasmi ya kwanza ilifanyika 1950 mbele ya ngome: vipengele 8, na watazamaji wapatao 6,000 kwenye mabenchi ya kawaida. Mwaka 1952 zilialikwa bendi za Kanada, Ufaransa na Uholanzi. Hivyo Waholanzi, wenye neno lao, walikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza kabisa. Tangu hapo zimekuja bendi kutoka nchi nyingi, ikiwemo Oman, ambayo majeshi yake nayo hupiga zumari za Kiskoti.

Zumari hizo ndizo roho ya tamasha. Mpigaji hujaza mfuko kwa pumzi na kuubana kwapani, ili upepo usikatike hata anapovuta hewa. Filimbi ya kuchezea vidole ina noti 9 tu, na filimbi tatu za begani huvuma bila kukoma. Chombo hiki hakiwezi kupaza wala kupunguza sauti: hulia kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Ni chombo cha nje, na uwanja ulio mbele ya ngome ya Edinburgh, uliotengenezwa 1753 kwa ajili ya gwaride, unakifaa hasa. Bendi zinapomiminika kutoka lango la ngome, sauti ya mtu haisikiki. Kwa hiyo kiongozi aliye mbele huamrisha kugeuka na kusimama kwa fimbo yake ndefu.

Wakati unaotia watu simanzi zaidi huja karibu na mwisho. Taa zote huzimwa, na mwanga mmoja humwonyesha mpiga zumari aliyesimama peke yake juu ya ukuta. Pipe Major (kiongozi wa wapiga zumari) George Stoddart alisimama hapo katika kila onyesho kwa miaka 11 ya mwanzo. Baadaye mwanawe Gavin alipanda ukuta uleule.

Malkia Elizabeth II alilipa tamasha hadhi ya kifalme mwaka 2010. Janga la korona lililisimamisha 2020 na 2021. Agosti 2022 majukwaa yalijengwa tena, na bendi zikatoka langoni kama kawaida.