Diani Bila Kusota: Form 6 za Kujua Kabla Ushuke South Coast

Diani ni mtaa wa wadosi, lakini bahari haina mwenyewe. Kama mfuko wako ni wa kawaida, cheki hizi:

1. Kufika. SGR inakuacha Miritini. Shika mat hadi Likoni, vuka feri (ukiwa kwa miguu ni bure), kisha mat ya Ukunda. Hapo chukua tuktuk hadi ufuoni. Elewaneni bei kabla hujapanda.

2. Msosi. Hoteli za ufuoni zitakumaliza. Rudi Ukunda: asubuhi mahamri na mbaazi, jioni viazi karai.

3. Ufuo ni wa umma. Soja anaweza kukukataza geti la hoteli, lakini si mchanga ule bahari inafikia ikijaa. Kuna vijia vya umma kati ya hoteli. Uliza msee wa boda.

4. Maji. Jua saa za kujaa na kupwa. Yakipwa utatembea mbali sana, ila usingoje yakukute huko. Vaa viatu, kuna miiba. Disemba hadi Machi ni kaskazi, bahari safi. Kusi ikianza, mwani unajaa.

5. Kima na mbega. Usiwape chakula, na funga dirisha. Kima wakiingia, mkate wako umeenda.

6. Heshima. Huku ni kwa Wadigo, wengi Waislamu. Bikini iishie ufuoni. Mtaani jifunge leso. Mzee ukimpata, anza na shikamoo. Utaonyeshwa njia bila kulipishwa kama mgeni.