Chuma kinachoganda kama asali

Mkiwa, pale njia ya Itigi inapoachana na barabara ya Dodoma–Singida, ni nchi ya asali. Na mtu wa asali anajua kwamba ikikaa huganda: sukari inajitenga, inajipanga, inakuwa chenga. Chenga kubwa zinakwaruza ulimi. Zikiwa ndogo sana, asali inabaki laini tu. Historia ya sumaku laini ilipita njia hiyo hiyo.

Sumaku laini si sumaku inayobonyea, jamani! Ni metali inayokubali kugeuzwa ncha zake huku na huku bila ubishi. Ndiyo inayotakiwa ndani ya transfoma, ambako umeme wetu huigeuza mizunguko 50 kila sekunde, usiku kucha, hata kijiji kizima kikiwa kimelala. Kila ubishi ni joto, na joto hilo ni umeme uliopotea.

Mwaka 1960, huko Caltech, Marekani, Klement, Willens na Duwez walipoza aloi ya dhahabu na silikoni kwa kasi kubwa mno, atomu zikakosa muda wa kujipanga. Fikiria machungwa yaliyomwagwa guniani, si yale ya mafungu sokoni. Hicho ndicho kioo cha metali. Mwaka 1967 Duwez na Lin wakapata cha chuma, fosforasi na kaboni, chenye usumaku. Baadaye viwanda vikaanza kumwaga aloi za chuma na boroni juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi, ukatoka utepe mwembamba kuliko karatasi. Transfoma ya utepe huo, ikiwa haina mzigo, hupoteza takriban theluthi moja tu ya kile kinachopotezwa na ile ya chuma cha silikoni.

Adui alikuwa fuwele. Utepe ukipata joto kupita kiasi, atomu zinajipanga, fuwele zinakua, ulaini wa sumaku unakwisha. Kila mtu aliziogopa.

Isipokuwa Yoshizawa na wenzake wa Hitachi Metals, Japani. Mwaka 1988 walitangaza aloi yenye shaba kidogo na niobi kidogo, wakaichoma makusudi kwenye nyuzi 550 hivi. Shaba hujikusanya vijidonge, fuwele nyingi zikaanzia hapo kwa pamoja. Niobi ikazizuia zisinenepe. Zikaishia nanomita 10 hadi 15, zimezungukwa na kioo kilichobaki. Kwa udogo huo, kila fuwele ina upande wake inaoupenda, lakini haiwezi kuwashinda majirani, kwa hiyo pande zote zinafutana.

Mwaka 1990 Herzer, Ujerumani, akaonyesha hesabu yake: katika udogo huo, kipenyo kikiongezeka mara 2, ubishi unaongezeka mara 64. Kwangu mimi, hapo ndipo bahati ilipogeuka kuwa sayansi.

Shida moja imebaki kiwandani: utepe ukishachomwa unavunjika kama kaukau. Ndiyo maana huviringishwa kwanza kuwa pete, kisha pete yenyewe ndiyo inaingizwa tanuruni.